Kisogo cha Udongo

Katika onyesho la kwanza mwanamke wa udongo hakugeuka, na watu wakamkasirikia.

Sisemi kwamba hawakumpenda. Walikasirika hasa, vile mtu anavyokasirika akimsalimia jirani na jirani asiitikie. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikasikia viti vikilia, watu wakijivuta mbele, mzee mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Si ageuke basi!" Mwanamke akaendelea na shughuli zake. Amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, nywele amesuka twende kilioni, anamenya ndizi. Maganda yanaangukia kwenye jani la mgomba. Kamera iko karibu mno na kisogo chake, inapanda na kushuka kidogo kidogo pamoja na pumzi zake. Dirishani mvua inanyesha. Baada ya dakika nne anaweka kisu chini, anasimama, na sisi tunasimama naye. Giza.

Taa zilipowaka, Jibu, mashine yetu ya kusahihisha, ikasema kwa sauti yake ya mhudumu wa benki: "Alama thelathini na nane. Watazamaji walitaka uso."

Kokuhirwa, mwenye filamu, alikuwa amesimama ukutani na koti lake la mvua mkononi. Hakulia. Nilipomfikia aliniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, sasa itamgeuza?"

"Itajaribu," nikamwambia.

Inafaa nieleze, maana wageni hudhani chuoni kwetu walimu bado tunasahihisha. Siku hizo zimepita. Kila kiti cha ukumbi kina maegemeo mawili laini ya kuwekea mikono, na maegemeo hayo yanasoma mapigo ya moyo, jasho la viganja, na zaidi ya yote yanasoma vidole vinavyokandamiza, hata ile mikandamizo midogo ambayo mwenyewe hajui kwamba anaifanya. Jibu inakusanya yote hayo, inatambua ni wapi watu walichoka na ni wapi walitamani kitu wakanyimwa, kisha inaongeza picha kwenye filamu ya mwanafunzi, na filamu inaonyeshwa tena. Maonyesho ni matatu. Alama za onyesho la tatu ndizo zako, na ukikosa hamsini unafungasha virago.

Kwenye vyuo vingine Jibu huchora yenyewe hizo picha za kuongeza, kazi imekwisha. Lakini sisi ni watu wa Bukoba, mnatujua. Kufanana na wengine hatuwezi. Mkuu wa idara yetu, Bwana Rwezaura, alisimama kikaoni na tai yake nyekundu akasema kwamba filamu ya kusogeza ni udongo na kidole: unasogeza sanamu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga tena. Mashine ikitaka kuongeza picha, nayo iguse udongo kama sisi! Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawasha. Basi mashine ikanunuliwa mkono.

*

Mkono unakaa kwenye chumba cha kioo nyuma ya studio. Una vidole vitano vya mpira mweupe, laini, visivyo na mistari yoyote kwenye ncha. Asubuhi baada ya onyesho, Koku na mimi tulisimama nje ya kioo tukiutazama. Ulimshika mwanamke wa udongo begani kwa upole, ukakandamiza, ukajiondoa mbele ya kamera. Kamera ikalia. Ukarudi, ukakandamiza tena. Niliona bega limeanza kuzunguka.

"Mbele umemfanyaje?" nikauliza. "Uso wake ukoje?"

"Hana uso. Mbele ni donge tu, Mwalimu. Sikumfinyanga uso kwa sababu siujui."

Alinieleza huku akitazama kioo, si mimi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa. Ulikuwa ule mwaka wa homa, na watu wa afya walichoma kila kitu cha ndani: nguo, godoro, simu. Picha zote zilikuwa kwenye simu. Kilichobaki kichwani mwake ni mgongo. Harufu ya mafuta ya nywele, mistari ya twende kilioni, jasho la shingoni, na kule kupanda na kushuka mama akimenya ndizi, yeye akiwa ndani ya mbeleko.

"Kumbe kamera ni wewe," nikasema. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimeisimamia kazi hiyo muhula mzima bila kutambua.

"Ni mimi."

"Na baba yako hakusimulii?"

"Kila nikimuuliza mama alifananaje, ananijibu, 'Jitazame kwenye kioo.' Nikijitazama namwona yeye mwenyewe." Akacheka kidogo, akajishika puani. "Pua hii yote ni ya Mzee Mutalemwa."

Mkono ulipopumzika tuliingia ndani. Nilichukua kioo cha kukuzia, kama ninavyofanya kwa kazi zote, maana udongo haufichi aliyeushika. Alama za vidole vya Koku nazijua. Anafinyanga kwa dole gumba la kushoto, na mgongo mzima wa yule mwanamke ulikuwa na alama za dole hilo. Begani palikuwa na mambo mengine. Palikuwa na alama kubwa na ndogo, nene na nyembamba, zimepandana, alama za vidole vya watu wengi.

"Nani mwingine ameingia humu?" nikauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Mlango unafunguka kwa kiganja changu au chako."

Kisha nikaona alama moja iliyokatwa katikati na mstari wa mshazari. Nikatazama dole gumba langu la kulia, penye kovu la kisu nilichojikatia utotoni jikoni kwa mama. Nikaliweka pembeni ya ile alama. Zilikuwa kitu kimoja. Nikarudi nyuma nikagonga meza. Sikuwa nimemgusa mwanamke yule hata siku moja. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti, mstari wa pili, nikitamani ageuke.

Rwezaura nilipomwambia, alifurahi. "Ndiyo ubora wenyewe, Adelina! Mpira wa ncha unaiga kidole kilichokandamiza egemeo. Watazamaji wanafinyanga wenyewe. Umeona wapi jambo hili?"

"Sijaona," nikasema. "Na sina hakika kama nilitaka kuliona."

*

Onyesho la pili lilikuwa Jumamosi mchana. Mapazia yalifungwa, mvua ikapiga bati, na Rwezaura alikuwa ameita nusu ya mji.

Mwanamke akamenya ndizi. Kisha bega lake la kushoto likasogea. Sikio likaonekana, dogo, lenye tundu la hereni. Halafu ukingo wa shavu. Hapo ndipo niliposikia sauti ambayo sikuielewa, ya chini, nzito, ya mchakacho usiokatika, kama jikoni kwenye shughuli wanawake wengi wanapokanda unga kwa pamoja. Nikatazama pembeni. Mikono yote ya ukumbi ilikuwa inakanda. Madole gumba yalikuwa yakizunguka juu ya maegemeo, polepole, kwa mwendo mmoja, na wenye mikono walikuwa wamekodoa macho kwenye skrini, vinywa wazi, hawana habari. Nikashusha macho kwenye mikono yangu. Nayo ilikuwa ikikanda. Nikaivuta nikaikalia.

"Alama themanini na moja," Jibu ikasema. Hakuna aliyepiga makofi.

Mlangoni mama mmoja muuza vitenge alimshika Koku mkono. "Mwanangu, dada yangu umemjulia wapi? Alikufa hata wewe hujazaliwa." Mzee wa nyuma yangu aliapa kwamba lile ni sikio la marehemu mkewe. Kijana mmoja wa bandarini alikaa kwenye ngazi akimwita bibi yake. Kila mtu aliyetoka alikuwa na maiti wake, na wote walikuwa ni shavu lile lile.

Nilipofika nyumbani nilitaka kumkumbuka mama yangu. Amefariki juzi juzi tu, na uso wake nilikuwa naujua kuliko wangu. Nikafumba macho. Likaja bega la udongo, sikio la udongo, ukingo wa shavu wenye alama za vidole. Nikajikaza, nikamtafuta macho, nikamtafuta pengo lake la mbele. Udongo tu. Nikaenda kwenye picha yake ukutani, na nilimtambua, ndiyo, lakini vile unavyomtambua mtu uliyeelekezwa. Nililia nimeikumbatia ile fremu, na sioni aibu kusema.

Jumatatu yule muuza vitenge alikuja chuoni. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya Rwezaura akasema, "Nirudishieni dada yangu. Nikifumba macho naona tope."

"Mama, sanaa ikigusa..." Rwezaura akaanza.

"Haijanigusa. Imenichukulia."

Alipoondoka, Rwezaura alilegeza tai. Niliona kwamba naye amejaribu kumkumbuka mtu asubuhi ile. Lakini mkuu wa idara ni mkuu wa idara. Aliniambia onyesho la tatu lazima liwepo, kanuni ndivyo inavyosema, na kwamba kanuni hiyo hiyo inampa mwanafunzi nafasi ya kuchagua watazamaji wake, hata akiwa mmoja, mradi asiwe mwalimu. Tena onyesho la mwisho halina kusubiri. Mkono unafanya kazi papo hapo, na ukumbi unaona kila picha inapopigwa.

Koku alinikuta kwenye korido. Alikuwa ameshafikiria yote.

"Namleta baba peke yake," akasema.

Nilielewa mara moja. Mtu mmoja ukumbini, anayeujua uso mmoja. Pasingekuwa na dada za watu wala bibi za watu humo. Angekuwa mama yake mwenyewe, ametoka vidoleni mwa mumewe.

"Umesikia alichosema yule mama wa vitenge?"

"Nimeongea naye."

"Na bado unataka?"

"Baba amekuwa naye peke yake miaka yote hii, Mwalimu. Mimi sijakuwa naye hata siku moja." Akajishika puani tena. "Uso mmoja tu. Si na mimi ni mtoto wake?"

"Umemwambia baba yako kitakachompata?"

"Nikimwambia atakataa."

"Ndiyo sababu ya kumwambia. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Akaniangalia kwa chuki safi kabisa, akaondoka. Sikumlaumu.

*

Mzee Mutalemwa alikuja na koti la suti, mwavuli, na kopo la senene wa kukaanga kwa ajili yangu. "Waitu, Mwalimu wetu, huyu mtoto hajawahi kunialika kwenye jambo lake lolote. Leo lazima iwe harusi au msiba."

Alicheka mwenyewe. Pua ilikuwa ile ile kweli. Tulimkalisha katikati ya ukumbi mtupu. Rwezaura alikuwa kwenye chumba cha mitambo, Koku ukutani, mimi kando ya kiti, penye swichi. Mzee alitaka kuweka mikono kwenye maegemeo, nami nikafumbua mdomo, lakini binti yake aliniwahi.

"Baba, usiweke mikono!"

Akaja, akapiga magoti mbele ya kiti, akamweleza yote. Alimwambia habari za bega, sikio, mama wa vitenge, tope. Hakujitetea. Mzee alisikiliza amelaza mikono mapajani.

"Kwa hiyo wewe utamwona," akasema mwishoni.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na udongo."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mzee alivuta pumzi. "Ulipokuwa mdogo nilijaribu kukusimulia. Nikisema macho yake yalikuwa hivi, naona yameniponyoka kidogo. Nikisema anacheka hivi, kicheko kinapungua. Nikaogopa, mwanangu. Nikasema ninyamaze, nimtunze mzima mpaka nitakapomfuata. Ulikuwa uchoyo. Samahani."

"Baba, tuache tu. Twende nyumbani."

"Urudi nyumbani bila alama?" Akatabasamu, akaweka viganja vyote viwili kwenye maegemeo. "Washa, Mwalimu. Mtoto ana haki na mama yake."

Niliwasha. Sijui kama nilifanya vema. Alikuwa ameambiwa, na alikuwa mtu mzima.

Mwanamke akamenya ndizi. Bega likageuka, sikio likaja, shavu likaja. Kisha picha zilizotengenezwa zikaisha, na kwenye skrini tukauona Mkono wenyewe ukiingia na kutoka kwenye mwanga. Madole gumba ya mzee yakaanza kuzunguka. Kwenye donge, juu ya shavu, likatokea tuta jembamba. Unyusi. Ulipinda kidogo mwishoni, kama wa mtu anayetaka kutania.

"Ai," mzee akasema polepole. "Ai, Nyamwiza."

Nilimtazama Koku. Miaka yote alikuwa ameusubiri unyusi ule, na hakuwa akiutazama. Alikuwa anamtazama baba yake. Uso wa mzee ulikuwa unalegea. Ule utani wote wa mlangoni ulikuwa unamtoka, macho yakitafuta kitu hewani yasikipate, midomo ikirudia lile jina, kila mara kwa mashaka zaidi, mpaka likabaki neno tu.

Koku alimrukia. Alimbandua vidole kutoka kwenye maegemeo kimoja kimoja, maana havikutaka kuachia, akamvuta mzee akasimama, akakaa yeye.

"Hapana!" Rwezaura akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mtazamaji hawezi kuwa mwenye filamu!"

"Kanuni inasema asiwe mwalimu," nikajibu. "Huyu ni mwalimu wa wapi?"

Kwenye skrini, Mkono ulikuwa umesimama hewani. Ukakaa hivyo kwa muda. Kisha ukashuka, ukaufuta unyusi na shavu kwa dole gumba, taratibu, mara moja, ukaanza upya.

Mwanamke akaendelea kugeuka. Baada ya sikio tulitarajia shavu, lakini yakaja manywele. Mstari mmoja wa twende kilioni, na mwingine, na mwingine. Aligeuka mpaka akamaliza, akawa ametuelekea kabisa, na kilichotuelekea kilikuwa kisogo. Shingo ile ile. Jasho lile lile. Pindo la mbeleko lile lile. Hakuwa na upande mwingine. Mzee aliyekuwa ameshika mkono wangu aliubana.

Halafu Mkono ukafanya jambo ambalo halijaandikwa popote kwenye maelekezo yake. Ulikunja vidole, ukalaza upande wake laini katikati ya mabega ya yule mwanamke, ukatulia hapo. Ulipojiondoa, palikuwa na bonde dogo kwenye udongo. Shavu la mtoto, pua ndogo iliyobonyea, mdomo uliofunguka nusu. Maegemeo yanasoma vidole na viganja. Hayasomi mashavu. Lakini pale kitini Koku alikuwa amefumba macho, kichwa amekilaza begani, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na kamera.

"Upande wa kushoto," mzee akanong'ona. "Hakukubali kulalia upande mwingine hata ungemfanyaje."

Mwanamke akaweka kisu chini. Akasimama, na sisi tukasimama naye. Giza.

"Alama mia moja," Jibu ikasema. "Mtazamaji hakutaka kitu kingine."

Koku aliinuka, akamfuata baba yake. Aliogopa kuuliza, niliona, lakini akauliza.

"Baba, bado unamwona?"

Mzee akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo.

"Unyusi wa kushoto sina hakika nao," akasema. "Mengine yote yapo."

"Anafananaje?"

Akafumbua macho, na ule utani ulikuwa umemrudia. "Jitazame kwenye kioo."

Koku akacheka kwa sauti, akilia, akamchukulia mwavuli. Nikawasikia wakishuka ngazi, yeye akimgombeza kwamba amenipa mimi senene wote.

Rwezaura alizima mitambo akaondoka bila kuniaga. Mimi nilibaki. Sikukaa kwenye kiti. Nilikaa sakafuni, nikaegemea ukuta, nikafumba macho nikamwita mama yangu. Alikuja. Alikuwa amenipa mgongo, na begani alikuwa na alama ya dole gumba langu, lenye kovu.